Landlodi Ameweka Kufuli Yake kwa Duka Lako? Sheria Iko Hivi

Unafika job asubuhi unapata kinyozi yako iko na kufuli mbili, yako na ya landlodi. Mashine, viti, kila kitu iko ndani. Keateka anakuambia tu, "Ongea na mzee." Wasee wengi hapo huanza kubembeleza, ama wanaita fundi avunje. Usivunje. Landlodi atakimbia kwa karao kusema umeharibu mali yake, na sasa wewe ndio utakuwa na kesi.

Kuna sheria ya 1965, Sura ya 301, inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula. Duka hapo ni pamoja na biz ya huduma, so kinyozi, saluni na fundi simu wako ndani. Wengi hudhani kukosa mkataba ndio udhaifu wao. Hapa ni kinyume kabisa: kama hamkuandikishana chochote, mlisalimiana tu ukatuma doo, sheria inakulinda. Mkataba ulioandikwa usiozidi miaka 5 pia unalindwa. Lakini kama mwenye jengo ni serikali ama kaunti, hii si yako, kwa hivyo stoli ya soko la kanjo haiingii.

Kukutoa, landlodi lazima akupe notisi kwa fomu maalum, aandike sababu, na tarehe ya kutoka isipungue miezi 2 tangu uipokee. Kupandisha kodi pia ni hivyo hivyo. Ile mesej ya Jumapili usiku, "kuanzia mwezi ujao ni elfu 18", si notisi.

Sababu nazo hazitolewi hewani. Zile za kawaida ni deni la kodi la miezi 2 ama kuchelewesha kila mara, kutaka kubomoa na kujenga upya, ama kutaka kutumia hiyo nafasi mwenyewe kwa angalau mwaka 1. Hii ya mwisho ndio huchezewa sana. Unatolewa, halafu mwezi ujao unaona mwingine ndani na bango jipya.

Ukipata notisi ya ukweli, usinyamaze. Una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kwamba hukubali, halafu upeleke kesi kwa jopo la kodi za majengo ya biashara, ile mawakili huita BPRT, kabla tarehe ya notisi ifike. Ukishapeleka, notisi inasimama mpaka waamue. Ukikaa kimya, notisi inafanya kazi yake na unahama.

Na kufuli je? Piga picha, tafuta majirani walioona, uende BPRT uombe amri ya muda ya kufunguliwa. Hata kama unadaiwa, landlodi anaweza kutumia dalali mwenye leseni. Kubeba mashine zako mwenyewe usiku, hapana. Ila usiache kulipa kodi juu mko na beef. Lipa kwa namba ile ya siku zote na uweke mesej za M-Pesa, maana deni la miezi 2 ndio zawadi kubwa unaweza kumpa.

Hii yote ni ya biashara. Keja za kulala ziko na Sura ya 296, lakini hiyo inashika nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na hizo mtaani utazitafuta na tochi.