Bawabu wa data: kutoka Msambweni hadi kwenye wingu

Leo tuongee kuhusu faiwoli, yule bawabu wa mtandao anayeamua nani apite na nani arudi alikotoka.

Faiwoli za kwanza zilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kanuni ilikuwa rahisi: anwani fulani ya IP iruhusiwe, nyingine ikataliwe. Wakati huo tarakilishi nyingi zilikaa mahali pamoja na anwani haikubadilika.

Sasa njoo Pwani. Zamani wilaya za Kenya zilituma takwimu za afya makao makuu kwa faili za Excel. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. Mwaka 2011 wizara ikaleta DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ikaijaribu kwanza Mkoa wa Pwani. Badala ya kusakinisha programu kwenye kila ofisi, kukawa na seva moja, na karani wa Msambweni akaifikia kwa modemu ya simu.

Hapo kanuni ya zamani ikagonga mwamba. Modemu hupewa anwani mpya mara kwa mara, na wateja wengi hutumia anwani moja. Huwezi kuandika "ruhusu Kwale". Anwani uliyoifungulia leo kesho inaweza kuwa ya mtu wa Kisumu! Kwa hiyo ulinzi ukahamia kwenye jina la mtumiaji, nywila na mipaka ya anachoruhusiwa kuona.

Je, anwani zimekufa? La. Siku hizi huduma za wingu huchota data kutoka hifadhidata moja na kuipeleka nyingine zenyewe. Amazon imekuwa ikichapisha orodha ya anwani zake tangu 2014, nawe unaweza kuiweka kwenye faiwoli. Lakini angalia: anwani nyingi za orodha hiyo ni za wapangaji. Ukiifungulia yote, umemfungulia yeyote aliyekodi seva humo, hata mwizi.

Fungua anwani za huduma unayotumia tu, mlango mmoja tu (PostgreSQL hutumia 5432), kwa akaunti ya kusoma tu. Huduma ikiachwa, futa kanuni yake siku hiyo hiyo.

Ukienda Kaya Kinondo karibu na Diani, kujua njia hakutoshi. Unaingia na mwongozaji, ukifuata masharti ya wazee. Data ya mgonjwa nayo ina masharti: tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Siri ya mama aliyejifungulia Msambweni isilindwe na anwani peke yake.