Waliofundishwa Kutega Sikio: Historia Fupi ya THARS ya Bujumbura

Kiswahili kina neno linalompa taabu mkufunzi wa fani hii tangu siku ya kwanza ya darasa, nalo ni "ushauri nasaha". Kushauri ni kutoa shauri, na nasaha ni mawaidha. Maneno yote mawili yanamwambia mwanafunzi kwamba amekuja kujifunza kusema, ilhali kitakachomtoa jasho ni kunyamaza. Kirundi kimekaa sawa zaidi: husema gutega ugutwi. Nasi tunalo hilohilo, kutega sikio, ila tumezoea kulitumia kwa umbea na kwa hotuba za viongozi. Mwenye kutega mtego hautikisitikisi. Huuacha pale alipouweka, akangoja.

Nimeanza na neno kwa sababu taasisi ninayoikumbuka hapa imefanya kazi kwa zaidi ya miongo miwili kuwafundisha Warundi kungoja hivyo. Jina lake rasmi ni Trauma Healing and Reconciliation Services, yaani huduma za uponyaji wa kiwewe na upatanisho. Wengi huiita THARS tu. Makao yake ni Bujumbura, lakini hadithi yake inaanzia mbali na ziwa, Kwibuka, katika milima ya kati ya nchi.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, hata miezi minne madarakani hajatimiza. Nchi ikalipuka. Huko Kwibuka, David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki, alikuwa akiwafundisha vijana waliojiandaa kwa kazi ya uchungaji. Askari wakaivamia shule. Wanafunzi wake 8 waliuawa. Yeye alinusurika kwa kujificha ndani ya shimo la gereji ya zamani, lile ambalo fundi hushuka ili akague gari kwa chini.

Nimelifikiria shimo hilo mara nyingi. Aliyejificha humo aliyasikia yote asiweze kutenda lolote. Baadaye aliandika kitabu pamoja na Lon Fendall, Unlocking Horns, kilichotoka mwaka 2001, na jina lake linawafananisha Warundi na ng'ombe waliokwamana pembe: kila mmoja akivuta kwake, hakuna anayetoka. Akaenda kusomea ushauri nasaha katika Chuo Kikuu cha George Fox huko Oregon, Marekani, akarudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 umeshatiwa saini lakini bunduki bado hazijanyamaza, THARS ikawa imeanza kazi.

Alichokikuta Niyonzima kilikuwa karibu na utupu. Burundi ilikuwa na hospitali moja ya magonjwa ya akili, Kituo cha Kamenge, kilichofunguliwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1981. Mabruda hao waliifanya kazi kubwa katika mtaa ambao wenyewe ulipigwa vibaya vitani, na heshima yao haipungui hata chembe. Lakini mtu kupelekwa Kamenge, machoni pa majirani, kulikuwa na maana moja tu: ibisazi, wazimu. Sasa yule mama wa mtaa wa Kinama asiyepata usingizi tangu nyumba ichomwe, anayepika chakula asikile, anayeshtuka mlango ukigongwa, apelekwe wapi? Hana wazimu. Kirundi kinampa jina lake, akabonge, huzuni iliyoganda ndani. Hiyo haikuwa na daktari wala kitanda. Kwa wanaume ilikuwa hata na methali ya kuifungia mlango: machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni.

Jibu la THARS lilikuwa vyumba vya kusikilizia. Wazo lenyewe ni jepesi mno hadi unaweza kulidharau: chumba katikati ya jamii, na ndani yake mtu wa palepale aliyepata mafunzo. Chumba hicho si wodi, wala si mahakama, wala si ofisi ya kuandikisha misaada. Anayeingia hahesabiwi mgonjwa. Walioingia ni wajane, wanawake waliobakwa, watu walioteswa, na Watwa pia, ambao mara nyingi husahaulika hata maumivu ya Burundi yanapohesabiwa.

Lakini chumba bila msikilizaji ni matofali tu. Kazi halisi ya taasisi hii ilikuwa kumtengeneza huyo msikilizaji.

Kila aliyewahi kupita katika mafunzo ya namna hii analijua zoezi la watu watatu. Mmoja anasimulia, mmoja anasikiliza, mmoja anatazama. Msimulizi anaanza: "Tangu ndugu yangu afe..." Kabla sentensi haijaisha, msikilizaji ameshadakia: "Pole, mtumainie Mungu, haya hupita." Mtazamaji anaandika. Wanarudia. Safari hii msikilizaji amefunga mdomo, lakini miguu inacheza, macho yako dirishani. Wanarudia tena. Kwa mtu aliyelelewa katika adabu zetu, ambamo kumwacha mfiwa bila neno la pole ni ukosefu wa utu, zoezi hili ni gumu kuliko mtihani wowote wa karatasi. Adabu yenyewe haina kosa. Mwanafunzi anatakiwa aicheleweshe kidogo, ili mwenzake apate kumaliza kusema.

Kulikuwa na ugumu mwingine, nao ndio ninaotaka ukumbukwe kuliko yote katika historia hii. Vitabu vya fani hii viliandikwa zaidi na watu waliomkuta mgonjwa ana jeraha na mtaalamu hana, au kama analo, ni la mbali. Bujumbura haikuwa hivyo. Aliyekuja kusomea kusikiliza alikuwa naye amezika, au hakupata hata wa kumzika. Na huenda anayeketi mbele yake anatoka upande wa waliowaua wake. Ukimfundisha mbinu tu ukamwachia chumba, ama atavunjika, ama atasikia nusu anayotaka kuisikia. Kwa hiyo mafunzo yalipaswa kuanza na msikilizaji mwenyewe kusikilizwa. Kwa maoni yangu, mchango wa Warundi katika fani hii duniani uko hapo, ingawa wachache wameuandika kwa jina lao.

Jambo hilo lilikua katika mazingira mapana ya Kanisa la Marafiki katika Maziwa Makuu. Mwaka 2003, kwa msaada wa shirika lililoanzishwa na David Zarembka, Burundi na Rwanda zilipata programu iitwayo HROC, ya kuponya na kuzijenga upya jamii. Siku 3, watu wapatao 20, nusu kutoka upande mmoja na nusu upande wa pili: waliobaki milimani na waliokuwa katika kambi za waliohama makwao. Wanachora mti wa kutoaminiana kwenye karatasi kubwa. Mizizi inaandikwa majina yake: uongo, wivu, kunyimwa haki, uvumi. Matunda nayo: kisasi, njaa, makaburi. Halafu wanachora mti wa kuaminiana. Kisha mmoja anafungwa kitambaa machoni na kuongozwa kwa mkono na mtu wa upande ule mwingine, juu ya mawe, kando ya mtaro, bila neno. Wengine hugoma kufungwa kitambaa, nao hawalazimishwi.

Wenzao wa fani walikuwa wakiingia kwa milango mingine. Washauri wa Ukimwi walikuwa wametangulia: chama cha ANSS kilizaliwa 1993 na Jeanne Gapiya, Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba ana virusi, na kituo chao kikaitwa Turiho, yaani tupo. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua Seruka kwa ajili ya waliobakwa. Jina hilo maana yake ni jitokeze. Shirika la HealthNet TPO la Uholanzi lilianza mwaka 2000, likajenga mtandao wa wafanyakazi wa msaada wa kisaikolojia mitaani na milimani na kupeleka kliniki za afya ya akili katika hospitali za mikoa. Shirika la Afya Duniani liliandika baadaye kwamba kati ya 2000 na 2008 watu zaidi ya 27,000 walihudumiwa na huduma hizo mpya. Katika kliniki za mikoa wengi walikuwa na kifafa, intandara, ugonjwa ambao familia zilikuwa zikiuficha katika vyumba vya nyuma. Nalitaja hilo kwa makusudi: aliyefunzwa kusikiliza huzuni alijikuta analetewa degedege, na ikambidi ajue ni lini kusikiliza hakutoshi, mtu apewe dawa.

Ziko siku mbaya pia katika historia hii, na si za vita peke yake. Semina ya siku 5, posho, picha ya pamoja, cheti, kisha kimya. Tumeziona nyingi Bujumbura. Fani hii haifundishwi hivyo. Msikilizaji anahitaji kurudi kila mara kwa wenzake, akileta kisa kilichomshinda bila kutaja jina la mtu, akaambiwa mahali alipoharakisha na mahali alipojibebesha mzigo usio wake. Kitaalamu huitwa usimamizi, neno baridi kwa jambo lenye joto. Wafadhili hulipia semina kwa urahisi. Usimamizi wa miaka 5 hawaulipii, nao ndio unaomfanya mtu awe mshauri.

Vyuo navyo vikajaza pengo taratibu: kitivo cha saikolojia cha Chuo Kikuu cha Burundi, Université Lumière, Hope Africa iliyohamia kutoka Nairobi. Watafiti wa Konstanz, Ujerumani, walikuja na tiba ya kusimulia maisha, ile ambayo huko Nakivale, Uganda, wakimbizi wasio wataalamu walifunzwa kuitoa kwa wakimbizi wenzao, na utafiti wa mwaka 2008 ukaonyesha inawezekana. Baada ya mafuriko ya Februari 2014 kaskazini mwa Bujumbura, tiba hiyo ilitumika kwa walionusurika. Kamba inatandikwa sakafuni, nayo ndiyo maisha ya mtu. Ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya, kwa mpangilio wa miaka. Mwisho wa kamba haukunjuliwi, kwa sababu sehemu hiyo ya maisha haijafika bado.

Mwaka 2015 nchi ikatikisika upya kwa mgogoro wa kisiasa, na washauri wengi wakavuka mipaka pamoja na waliokuwa wakiwasikiliza, kuelekea kambi za wakimbizi za Mahama, Nyarugusu, Nakivale.

Halafu makaburi yakaanza kufunguliwa. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza mabaki ya watu 6,032 yaliyofukuliwa katika mkoa wa Karusi, kandokando ya mto Ruvubu. Wapo waliotambuliwa kwa nguo, kwa miwani, kwa rozari. Mengi yalihusishwa na mauaji ya mwaka 1972, ambayo Warundi huyaita ikiza, na ambayo kwa miongo hayakuzungumzwa hata mezani nyumbani. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati huo alikuwa na miaka 56 siku aliposimama kando ya shimo lile akitafuta rozari ya baba yake. Hakuna shauri la kumpa mtu huyo. Anahitaji mwenzake wa kukaa naye pale kwenye majani, aliyekwisha kufundishwa kutodakia, hadi atakapokuwa tayari kuanza: "Siku walipokuja kumchukua..."