Vitamini C na Wagonjwa wa Sepsisi
Sepsisi ni hali ambapo mwili, ukipigana na maambukizi, huharibu viungo vyake wenyewe. Mwaka 2017 Daktari Paul Marik wa Norfolk, Marekani, alichapisha habari za wagonjwa 47 waliotiwa vitamini C mshipani, pamoja na thiamini na haidrokotisoni. Walifariki 4. Kati ya 47 waliotibiwa kabla yao bila mchanganyiko huo, walifariki 19. Nani asingetamani iwe kweli? Mimi nasita hapo kwenye "kabla yao": makundi hayakupigiwa kura, wala hayakutibiwa wakati mmoja. Jaribio la LOVIT, mwaka 2022, liliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 800. Baada ya siku 28, waliofariki au ambao viungo vyao vilikuwa bado vimeshindwa kazi walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopewa vitamini C, na 38.5 kwa wasiopewa.