Hofu ya Kujifungua Nje ya Hospitali na Historia Yake: Bukima na Maeneo Jirani ya Mkoa wa Mara, 1922–2022

1.0 Utangulizi

Bukima ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, katika eneo la Majita, kando ya Ziwa Victoria. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wanawake wengi wa ufukwe huu, sawa na wenzao wa Butiama na Bunda, walijifungulia nyumbani mikononi mwa mama mkwe, bibi au mkunga wa jadi. Leo mwanamke wa maeneo hayo anatarajiwa kujifungulia katika zahanati, kituo cha afya au hospitali, na anayejifungulia nyumbani huulizwa sababu.

Badiliko hili limezoeleka kuelezwa kama ushindi wa elimu dhidi ya ujinga: zamani wanawake waliogopa hospitali kwa kutojua, wakaelimishwa, hofu ikaisha. Insha hii inadai kwamba maelezo hayo hayalingani na ushahidi. Hofu ya kujifungulia nyumbani na hofu ya kujifungulia hospitalini zimeishi pamoja ndani ya mwanamke mmoja kwa takribani miaka mia moja, na kila moja ilikuwa na msingi wake. Mwanamke aliogopa pale palipokosekana kitu alichokihitaji, iwe damu, usafiri, ndugu wa kumshika mkono au lugha ya heshima. Hofu ilipungua pale kitu hicho kilipopatikana. Kwa mtazamo huo, hofu ya uzazi ni chanzo cha historia kinachostahili kusomwa kwa makini kama tunavyosoma ripoti za maofisa.

2.0 Dhana ya mwanamke asiyeogopa

Kabla ya kuitazama hofu yenyewe, ni lazima kuiondoa dhana moja iliyopotosha maandishi mengi. Daktari wa Kiingereza Grantly Dick-Read, aliyechapisha kitabu Natural Childbirth mwaka 1933, alifundisha kwamba hofu huukaza mwili, na mwili uliokazika huzidisha maumivu. Sehemu hiyo ya mafundisho yake imewasaidia wanawake wengi. Hata hivyo, aliijenga pia juu ya picha ya mwanamke wa jamii aliyoiita ya kishenzi, ambaye eti hujifungua bila woga na kurudi shambani. Baadaye aliishi Afrika Kusini, akasafiri katika nchi kadhaa za Afrika, na mwaka 1955 akachapisha No Time for Fear kuhusu safari hiyo.

Picha hiyo ilimfaa msomaji wa Ulaya aliyechoshwa na wodi zenye dawa nyingi za usingizi. Kwa mwanamke wa Mara ilikuwa na madhara, kwa sababu ilimnyima haki ya kuogopa. Kama uzazi wake ni mwepesi kwa asili, basi hahitaji daktari, na kama anaogopa, basi ameharibika.

Simulizi ya uzazi mmoja maarufu wa mkoa huu inaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoweza kuifunika hali halisi. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na Mugaya wa Nyang'ombe. Inaelezwa kwamba mvua kubwa ilinyesha siku hiyo, ndipo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Simulizi hiyo, kama inavyosimuliwa kwa kawaida, inamtaja baba, mvua na mzimu. Uchungu wa Mugaya haumo, wala mwanamke aliyempokea mtoto hatajwi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtafiti wa historia ya uzazi anaanza kazi yake hapo, kwenye maarifa ambayo simulizi za wakuu hazikuyahifadhi.

3.0 Hofu za nyumbani

Uzazi wa nyumbani ulikuwa na taratibu zake za kukabili hofu. Katika jamii nyingi za Kanda ya Ziwa na sehemu nyingine za Tanzania, kuanza kwa uchungu kulifanywa siri, kwa kuhofia kijicho na uchawi. Mkunga alikuwa mtu anayefahamika kwa jina na kwa tabia, pengine ndiye aliyempokea mama huyohuyo alipozaliwa. Mzazi aliruhusiwa kutembea, kuchuchumaa au kupiga magoti. Baada ya kujifungua, kondo la nyuma lilizikwa kwa uangalifu, na mama alipewa uji na mapumziko.

Lakini taratibu hizohizo zilikuwa na upande mgumu. Uchungu uliporefuka, katika jamii nyingi mwanamke alihojiwa juu ya uaminifu wake kwa mume, kwa imani kwamba dhambi iliyofichwa imemfunga mtoto. Mama aliyekuwa akichoka kwa sababu mtoto amekaa vibaya alilazimika kuungama, na akifa, kifo chake kiliweza kuhesabiwa kuwa kosa lake. Denise Roth Allen, katika utafiti wake miongoni mwa wanawake wa Usukuma uliochapishwa mwaka 2002, ameonyesha kwamba wanawake hao walikuwa na ramani yao wenyewe ya hatari za uzazi, pana kuliko ile ya waganga wa hospitali: ilianza na ugumba, ikapitia ugomvi wa nyumbani, hadi kutokwa damu.

Kwa hiyo mwanamke wa ufukweni aliyejifungulia nyumbani hakuwa mtu asiyeijua hatari. Aliijua kwa majina ya waliokufa. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua huweza kumuua mama kwa muda wa saa chache, na mkunga hodari kiasi gani hakuwa na dawa ya kulikaza tumbo la uzazi kwa uhakika, wala damu ya kumwongezea. Mkunga mwenyewe alilijua hilo, na hofu yake ilikuwa sehemu ya ujuzi wake.

4.0 Hospitali na hofu mpya

Huduma za kisasa zilifika Mara kidogokidogo. Wamisionari Waadventista walikwishafika Majita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamenoni kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, mahali ambapo baadaye palikua hospitali kubwa. Hata hivyo, Shirati iko kaskazini ya Mto Mara, mbali na Majita. Kwa mwanamke mwenye uchungu usiku wa masika, umbali huo ulikuwa sawa na kutokuwepo kwa hospitali.

Serikali ya kikoloni nayo, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1920, ilitumia wahudumu wa Kiafrika waliofundishwa kwa muda mfupi katika zahanati za serikali za wenyeji. Wengi wao walikuwa wanaume, na kazi yao kubwa ilikuwa kusafisha vidonda na kutoa dawa za maradhi ya kawaida. Uzazi haukuwa kazi yao, na kwa desturi za wakati huo wanawake wengi wasingekubali uwe.

Katika mazingira hayo hospitali ilijipatia sifa mbaya kwa njia inayoeleweka. Aliyepelekwa huko ni yule ambaye nyumbani pameshindikana. Alifika amechelewa, pengine mtoto ameshakufa tumboni, na wengi wa waliofika hivyo hawakurudi. Waliobaki kijijini walihesabu waliokwenda na waliorudi, wakahitimisha kwamba hospitalini watu hufa. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Kilichofichika ni sababu ya kuchelewa. Kwenye hofu hiyo iliongezeka nyingine: kukatwa kwa kisu, kulazwa chali mbele ya mgeni, kuzuiwa ndugu mlangoni, na kutojua kondo la nyuma limetupwa wapi.

Baada ya uhuru hali ilibadilika kwa kasi. Mwaka 1963 Tanganyika ilianza kufundisha madaktari wasaidizi, ambao baadaye walifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, zahanati ziliongezeka na kliniki za mama na mtoto zikawa sehemu ya maisha ya kawaida. Wakunga wa jadi nao walitambuliwa. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Tanzania, kama nchi nyingine nyingi, iliwapa mafunzo juu ya usafi, ukataji wa kitovu na dalili za hatari. Kwa muda, nyumba na zahanati zilianza kuzungumza.

5.0 Kurudi nyuma kwa miaka ya 1990

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja ya ujinga unatoka katika takwimu za taifa. Kwa mujibu wa tafiti za afya na idadi ya watu, asilimia 53 ya watoto walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma kulingana na utafiti wa 1991/92. Kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 47 mwaka 1996 na 44 mwaka 1999. Kilipanda tena polepole: 47 mwaka 2004/05, 50 mwaka 2010, 63 mwaka 2015/16, na 81 mwaka 2022.

Kama wanawake waliepuka hospitali kwa kutojua, ni vigumu kueleza kwa nini idadi ya walioepuka iliongezeka katika muongo ambao kliniki na elimu ya afya vilikwishaenea. Maelezo yanayowezekana zaidi yamo katika hali ya vituo vyenyewe. Uchumi uliyumba, watumishi wakapungua, dawa zikaadimika. Uchangiaji wa gharama ulianza hospitalini mwaka 1993, na ingawa huduma za uzazi zilisamehewa kwa maandishi, mama aliendelea kuagizwa aje na glavu, wembe, pamba na mpira wa kutandika. Mwanamke asiyekuwa navyo aliogopa aibu ya mlangoni kuliko uchungu wenyewe.

Sera ilipobadilika, wakunga wa jadi walibaki bila nafasi. Tamko la pamoja la Shirika la Afya Duniani na vyama vya kimataifa vya wakunga na madaktari wa uzazi, la mwaka 2004, lilisisitiza mhudumu mwenye ujuzi na likamweka mkunga wa jadi nje ya maana hiyo. Kitabibu hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa kuwa mafunzo mafupi hayakuweza kuzuia vifo vinavyohitaji damu na upasuaji. Kijamii iliacha pengo. Katika maeneo kadhaa ya nchi, vijiji vilitoza faini kwa waliojifungulia nyumbani. Faini iliongeza hofu ya tatu juu ya zile mbili, na mara nyingine ilimfanya mama aliyezidiwa asite kutafuta msaada.

6.0 Kilichopunguza hofu

Mambo yaliyoleta nafuu yalikuwa ya kushikika. La kwanza ni ukaribu. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na kuanzia mwaka 2017 vituo vingi vya afya viliwekewa vyumba vya upasuaji. La pili ni usafiri. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unampa mama namba ya bure 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa huitwa na kulipwa. Kwa vijiji vya ufukweni, ambako usiku uliamua mengi, jambo hili lina uzito kuliko mahubiri mengi.

La tatu ni heshima, na hapa kazi bado ni kubwa. Utafiti uliofanyika Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba takribani asilimia 19 ya wanawake walieleza kutendewa vibaya walipohojiwa wakitoka kituoni, na asilimia 28 walipohojiwa baadaye nyumbani. Tofauti ya majibu hayo mawili inafundisha: penye mamlaka mwanamke hunyamaza, na mtafiti anayeishia kwenye kumbukumbu za kituo atakosa sehemu ya ukweli. Kigoma, kati ya 2016 na 2018, vituo kadhaa vilijaribu kumruhusu mama awe na mwenza wakati wa uchungu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jambo hilohilo kwa nchi zote. Lililoitwa pendekezo jipya lilikuwa desturi ya kale ya uzazi wa nyumbani.

Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Makadirio ya aina hii yana mipaka mipana, lakini mwelekeo wake uko wazi.

7.0 Hitimisho

Historia ya Bukima na maeneo jirani haitoi sababu ya kuutukuza uzazi wa nyumbani usio na msaada. Vifo vyake vilikuwa vingi na vya kweli. Haitoi pia sababu ya kuwadharau walioupendelea. Mwanamke aliyebaki nyumbani mwaka 1999 alikuwa amelinganisha hatari mbili kwa kutumia taarifa alizokuwa nazo, na taarifa nyingi kati ya hizo zilikuwa sahihi.

Uzazi wa asili, kwa maana ya mwanamke kujifungua kwa nguvu zake, katika mkao anaoutaka, akiwa na mtu wake karibu, unawezekana ndani ya zahanati ya kijiji yenye mkunga, dawa, damu iliyo karibu na gari linaloitika. Hofu ya mama ni taarifa juu ya kipi kati ya hivyo hakipo. Watunga sera wanaotaka kuiondoa wanapaswa kwanza kuiuliza inasema nini, na wanahistoria wanaotaka kuiandika wanapaswa kumtafuta mkunga ambaye simulizi za wakuu zilimwacha nje.