Sindano ya uzazi wa mpango: tarehe ya kurudi ndiyo kinga yenyewe

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni miongoni mwa njia za uzazi wa mpango zinazotolewa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma nchini. Makala haya yanaeleza namna inavyofanya kazi, nani anaruhusiwa kuitumia na mambo anayopaswa kuzingatia mtumiaji ili apate kinga kamili bila kuhatarisha afya yake.

Inavyofanya kazi

Sindano hii ina homoni ya medroksiprojesteroni, inayofanana na projesteroni ya mwili wa mwanamke. Homoni huachiliwa mwilini polepole, huzuia yai kupevuka na kufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu za kiume zisipite. Zipo aina mbili: ya miligramu 150, inayochomwa kwenye msuli wa bega au wa takoni, na ya miligramu 104, inayochomwa chini ya ngozi. Aina zote mbili hukinga kwa wiki 13.

Mtumiaji asiyekosa tarehe ana uwezekano mdogo sana wa kupata mimba: chini ya mmoja kati ya wanawake 100 kwa mwaka. Katika matumizi ya kawaida, ambamo wapo wanaochelewa kurudi, idadi hiyo hufikia takribani wanne kati ya 100. Tofauti hiyo husababishwa zaidi na kalenda kuliko dawa yenyewe.

Kuzingatia tarehe

Kwa kuwa muda ni wiki 13 kamili, siku ya kurudi huangukia siku ileile ya juma: aliyechomwa Jumanne hurudi Jumanne. Mtumiaji ahakikishe tarehe imeandikwa kwenye kadi yake kabla ya kuondoka kituoni. Anayetarajia kusafiri anaweza kuchomwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), aliyechelewa kwa muda usiozidi wiki nne anaweza kuchomwa bila kuhitaji kinga ya ziada. Aliyepitisha wiki nne asikate tamaa wala asikae nyumbani. Afike kituoni, mtoa huduma ajiridhishe kwamba hana mimba, kisha achomwe na kutumia kondomu kwa siku saba.

Nani asiitumie

Mteja amweleze mtoa huduma historia yake ya afya bila kuficha. Kwa kawaida sindano hii haitolewi kwa mwanamke mwenye saratani ya matiti, anayetokwa na damu ukeni kwa sababu isiyojulikana, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa mkali wa ini au mwenye shinikizo la damu la 160/100 na zaidi. Anayenyonyesha hushauriwa kusubiri wiki sita baada ya kujifungua. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU wanaruhusiwa kuitumia.

Mabadiliko ya mwili

Miezi ya mwanzo hedhi huweza kuvurugika au kutoka kwa matone. Baada ya mwaka mmoja, wanawake wengi hawaioni kabisa. Kukosa hedhi kwa sababu hii si ugonjwa, wala damu haijikusanyi tumboni. Wengine huongezeka uzito au kuumwa kichwa. Uimara wa mifupa hupungua kidogo wakati wa matumizi na kwa kawaida hurejea mtumiaji anapoacha.

Sindano haisababishi ugumba. Hata hivyo, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurejea, kwa wastani wa takribani miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Anayepanga kupata mtoto karibuni aombe ushauri kuhusu njia nyingine.

Anayejichoma mwenyewe

Tangu mwaka 2019, WHO imependekeza sindano ya chini ya ngozi iweze kutumiwa na mwanamke mwenyewe baada ya kufundishwa. Dawa itikiswe vizuri kabla ya kuchoma, ichomwe tumboni au sehemu ya mbele ya paja, na mahali palipochomwa pasisuguliwe. Sindano iliyotumika iwekwe katika chombo kigumu chenye mfuniko, mbali na watoto, na irejeshwe kituoni. Isitupwe chooni wala jalalani.

Dalili za hatari

Mtumiaji awahi kituo cha afya anapotokwa na damu nyingi au kwa muda mrefu kuliko hedhi yake ya kawaida, anapopata maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona maruweruwe, macho au ngozi kuwa ya manjano, au uvimbe na usaha mahali alipochomwa.

Wananchi wanakumbushwa kuwa sindano hii haikingi maambukizi ya VVU wala magonjwa mengine ya ngono. Kondomu bado inahitajika. Aidha, wenza wanahimizwa kufuatana kituoni, kwani tarehe inayojulikana na watu wawili si rahisi kusahaulika.