Kitufe Hakikuwahi Kujieleza

Mwaka 1963 Philips walizindua kaseti huko Berlin. Mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman, muziki ukaingia mfukoni. Vitufe havikuhitaji maelezo: pembetatu ni kucheza, mistari miwili ni kutua, mraba ni kusimamisha. Ukikosea, sikio lako linakwambia papo hapo, unabonyeza kingine.

Siku hizi anayebonyeza anaweza kuwa wakala wa akili unde. Novemba 2024 Anthropic ilitoa MCP, itifaki ya kumkabidhi wakala zana, kila moja na jina na maelezo yake. Wakala hana kidole wala sikio. Ana hayo maelezo tu.

Ebu andika "hudhibiti muziki" uone. Unamwambia, "Ngoja, simu inaita," naye anazima kabisa. Ukirudi, podikasti inaanza mwanzo. Si ungeandika tu: "Hutua kwa muda na kukumbuka ulipofika. Usiitumie kufunga"?

Vipimo navyo utaje. Spotify hupokea nafasi ndani ya wimbo kwa milisekunde. Usiposema, wakala anatuma 30 akidhani ni sekunde, ngoma inarudi mwanzo. Na zana moja ya kucheza na kutua ni mtego: akirudia amri kwa kutokuwa na hakika, anawasha alichokwisha kutuliza. Mpe mbili.

Sisi wa kaseti tulijifunza kwa kubonyeza vibaya. Huyu anajifunza kwa kusoma. Akikosea, kabla ya kumcheka, rudi usome ulichomwandikia.