Kupasha si kuchemsha

Burat, kando ya mji wa Isiolo, utamsikia mtu akisema amechemsha maji ya kuoga kwa hita. Anaeleweka, lakini hita haichemshi. Kuchemsha ni kuyafikisha maji hadi yatokote, na huku, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, hutokota kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiyaoga hayo utaishia hospitalini.

Hita ya tangi hupasha tu. Ndani yake mna waya wa nikromu uliofungiwa katika mrija wa chuma, ukazungushiwa unga wa magnesia unaopitisha joto na kuzuia umeme. Umeme hupita kwa taabu katika waya ule, na taabu hiyo ndiyo joto lenyewe. Maji yakifika nyuzi 60 hivi, themostati hukata. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 45 hula karibu nusu yuniti ya tokeni ya umeme.

Wenye koili ya kutumbukiza ndooni, ambayo huweza kuchemsha kweli, semeni mpendavyo. Ila ichomoeni ukutani kabla ya kutia mkono majini.